Shangazi wa Kikosi cha Baridi

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwa binamu yangu Makongeni bila kujua ninakokwenda. Nilikuwa na brashi zangu za kuandikia vibao, kopo la rangi nyeupe lililobaki nusu, na shati moja la akiba. Binamu hakuwa amenifukuza. Alikuwa tu ameanza kuniuliza kila jioni kama nimepata kitu, na mimi mtu akianza kuniuliza hivyo, naanza kuangalia mlango.

Nilifuata Barabara ya Jogoo kuelekea mjini, kisha nikakata kona mahali ambapo sikuwahi kukata, kwa sababu niliona ukuta mrefu na nikataka kujua kilichokuwa nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu. Vijana wengi walikuwa wakikimbia ndani ya ukungu wa Julai. Pembeni, kwenye kiti cha mbao, alikaa mwanamke wa makamo aliyejitanda leso juu ya sweta la kiume, na mgongo wake ameuelekeza uwanjani.

Nilidhani wamegombana. Nikapita nyuma ya kiti chake polepole ili nione kuna nini. Hakuinua uso kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. Alisema tu, kama anayezungumza na kikombe, "Huyu hakai."

Nilimuuliza nani hakai.

"Wewe. Hatua zako ni ndefu lakini hazikanyagi. Mtu wa hivyo hukaa mahali mpaka kikombe kimalizike, kisha huyo."

Nikamjibu kwamba kikombe chenyewe sijapewa. Akacheka, akanimiminia kutoka kwenye thamosi yake. Kwa ajili ya kikombe kile nilikaa pale msimu mzima, nikarudi msimu uliofuata, na mwingine tena. Tangu niache shule kidato cha pili hakuna mahali palipokuwa pamenishika hivyo.

Timu ilikuwa ya kampuni moja ya eneo la viwanda. Ligi ilipopumzika katikati ya mwaka, wachezaji wakubwa waliachwa wapumzishe magoti, na uwanja wakapewa vijana wa mitaani waliotaka kuingia. Hao ndio walioitwa kikosi cha baridi, kwa kuwa walijaribiwa katika ile miezi ambayo jua la Nairobi husahau kazi yake. Walitoka Makongeni, Kaloleni na Bahati, na wengine walikuja kwa miguu kutoka Tassia. Hawakufuata mpira peke yake. Aliyechaguliwa alipewa kazi ya utarishi au ya bohari, pamoja na kitanda katika nyumba za wafanyakazi. Aliyekatwa alirudi kwa mama yake. Na mwenye kukata alikuwa Shangazi.

Kila mtu alimwita hivyo, hata meneja wa timu ambaye kwa umri alikuwa rika lake. Jina lake nililijua baadaye na sitaliandika, maana hakupenda kutajwa kwa jina na watu ambao hawajawahi kula kwake. Zamani aliwahi kucheza, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda kama ndoano. Zaidi ya hapo hakusimulia. Ukimuuliza habari za enzi zake, alikutuma dukani.

Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa na vijana walikuwa na chao cha mtaani. Wao walifika wakisema, "Niaje, Shangazi." Yeye aliwajibu, "Niaje ni salamu ya nani? Mimi shangazi yako, wanisalimu kama utingo?" Walirudi nyuma, wakasema shikamoo kwa pamoja kama darasa, akaridhika. Kesho yake walianza tena na niaje, na yeye akakataa tena. Nadhani pande zote mbili ziliupenda mchezo huo kuliko ule wa kikapu.

Nami sikuzuia ulimi wangu. Nilitaka kujua kwa nini anawapa mgongo watu aliolipwa kuwatazama. Alinieleza huku akimenya chungwa. Macho, alisema, hupenda warefu. Macho hupenda mwenye madaha, anayepitisha mpira katikati ya miguu na kuangalia kama kuna msichana aliyeona. Lakini sikio halina kipenzi. Sikio linajua nani anamwonya mwenzake kuwa kuna mtu nyuma yake, nani ananyamaza akiona mwenzake anapotea, na nani miguu yake imekwisha kabla ya roho yake. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya kila zoezi alisikiliza. Nusu ya pili aligeuza kiti akatazama, lakini kufikia hapo, kwa maneno yake, alikuwa anahakikisha tu.

"Wamsikia huyo?" aliniambia siku moja, kidole kilichopinda kikiwa hewani. "Kila akitoa pasi asema jina la mtu. Huyo mamake amemlea na ndugu wengi, chakula sahani moja." Baadaye nilimuuliza yule kijana. Walikuwa ndugu tele, na sahani ilikuwa moja kweli.

Alikosea pia. Kulikuwa na jitu moja kutoka Kariokor, lililokuwa likikata viatu vya akala kutoka matairi makuukuu na mjomba wake sokoni. Lilikuwa refu kiasi kwamba meneja alipoliona alianza kunong'ona kama yuko msikitini. Shangazi aliuliza, "Yuko wapi huyo mnayemsifu? Mbona simsikii?" Kijana hakuwa akiita mtu, hakuwa akijibu. Akamkata, na meneja akanuna juma zima. Mwaka uliofuata jitu lile likaja na timu nyingine na kutufunga vibaya mbele ya watu wetu. Shangazi alipiga makofi kuliko wote. Meneja alipomtazama kwa jicho baya, alimwambia kwamba sasa kijana anasema, na kwamba aliyemfundisha kusema ni yeye aliyemkata.

Vijana nao hawakuwa wajinga. Walipogundua kwamba anasikiliza, uwanja mzima uligeuka soko la Gikomba. Kila mtu alipiga kelele: nakuja, nipo, leta, nyuma yako, hata mtu ambaye hakuwa anakuja wala hakuwa nyuma ya yeyote. Shangazi alivumilia kidogo, kisha akapuliza filimbi. "Leo mmeniletea mnada," akasema. "Haya, nani anauza na nani ananunua?" Akawafanya wacheze kimya kabisa hadi mwisho, na atakayetoa sauti arudi kwao. Mwishoni aliniambia amesikia mengi zaidi kuliko siku zote, na sikuweza kujua kama anatania.

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na hakuona haja ya kuyalinganisha. Aliwafokea waliochelewa, naye akifika wa mwisho, mahamri yakiwa bado moto kwenye kikapu chake. Alikataza matusi, kisha siku ya mechi akamwambia mwamuzi, kwa upole na ufasaha, kwamba Mungu amempa macho mazuri na ni vibaya kuyatunza hivyo bila kuyatumia. Alisema hampendi mchezaji yeyote zaidi ya mwingine, na kila asubuhi hamri kubwa kuliko yote lilikwenda kwa mtu aliyekosa vikapu vingi siku iliyopita. Nilipaka upya mistari ya uwanja kwa ile rangi yangu nyeupe, na tangu siku hiyo akaniita Mpiga Rangi. Mstari mmoja haukunyooka. Aliniambia niuache hivyohivyo, utawakumbusha vijana kwamba kila kitu hapa kimetengenezwa na mtu.

Ni kazi hiyo ya mistari iliyonionyesha jambo la Musyoka.

Musyoka alikuwa kijana wa Makongeni, mtulivu, si mrefu sana. Baba yake alikuwa amefikisha umri wa kustaafu relini. Nyumba walizokaa Makongeni zilikuwa za reli na zilikwenda na kazi, kwa hiyo mwisho wa Agosti ilibidi funguo zirudishwe. Mzee alikuwa ametangulia kwao Mwingi kuangalia shamba. Mama alibaki Nairobi kwa sababu ya binti, dadake Musyoka, aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la nane mwezi Novemba. Wangeondoka Agosti, msichana angepoteza mwaka. Musyoka akichaguliwa, kungekuwa na pa kubanana wote watatu. Hakumficha mtu habari hii, lakini pia hakuisema kwa sauti ya kuomba. Sote tuliijua, hata Shangazi.

Ndiyo maana alipowataja aliowachagua na jina la Musyoka halikuwamo, uwanja ulitulia. Rafiki yake Juma alikuwamo. Juma hakufurahi, alisimama akitazama chini. Baadaye Shangazi aliniambia sababu, na nilisikia kwamba inamuuma. "Ningependa kumchukua. Lakini huyu yuwaburuta miguu. Toka siku ya kwanza, shaa, shaa, shaa, kama mtu apigaye deki. Nikimchukua kwa huruma, kuna mwingine hapa hukimbia kweli, naye pia ana mama. Nimwambie nini huyo?"

Nikarudi kwenye mstari wangu wa pembeni, nimepiga magoti, uso karibu na saruji. Vijana walikuwa wakicheza tu kumalizia siku. Juma alitoka, Musyoka akaingia, lakini kwanza wakakaa chini wote wawili nyuma ya nguzo. Juma akavua raba zake, Musyoka akazivaa. Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo kabla, na sikulifikiria, kwa sababu mitaani kwetu Eastlands kugawana raba ni jambo la kawaida. Ndiyo maana hao wawili hawakuwahi kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Lakini siku hiyo, kwa kuwa uso wangu ulikuwa pale chini, niliona karatasi za gazeti zikichungulia kisiginoni. Juma alikuwa na miguu mikubwa ya ajabu. Musyoka alikuwa anakimbia na viatu ambavyo vingemtoka kama angeinua mguu sawasawa.

Nilikwenda kumwambia Shangazi palepale, brashi ikiwa bado mkononi, rangi ikitiririka.

"Gazeti?" aliuliza.

"Gazeti, Shangazi. Ameshindilia kisiginoni, na mbele pia nadhani."

"Siku zote?"

"Siku zote. Raba ni za Juma."

Alifunga thamosi yake, akakunja leso, akaondoka bila kuaga. Hilo halikuwa limetokea kamwe, kwa sababu kuaga kwake kwa kawaida kulichukua muda mrefu kuliko mazoezi.

Kesho yake tulimkuta amefika kabla yetu. Na kiti kilikuwa kimegeuzwa; kilitazama uwanja.

"Vueni viatu," alisema. "Nyote."

Mmoja wao aliijaribu saruji kwa kidole cha mguu. "Shangazi, hii simiti ni barafu, buda."

"Buda ni babako. Vua." Kisha akainama, akavua ndara zake mwenyewe, akaweka nyayo zake chini kwenye ile baridi, akaziacha hapo. Hakuna aliyebishana tena.

Walicheza miguu mitupu. Mwanzoni waliruka kama kuku kwenye majivu ya moto, wakilaani na kucheka, kisha wakapata joto na mchezo ukawa mchezo. Musyoka na Juma walikuwa uwanjani pamoja kwa mara ya kwanza. Na Musyoka hakusikika kabisa. Alikuwa anafika kwenye mpira kabla mtu hajajua kwamba ameondoka. Alimpa Juma pasi bila kumtazama, kama mtu anayempa ndugu yake chumvi mezani. Shangazi alitazama, kisha akafumba macho akasikiliza, kisha akafumbua tena. Hakutabasamu hata kidogo.

Alimwita Musyoka kando. Nilikuwa karibu, na sijawahi kujua kusogea mbali na mazungumzo.

"Kwa nini hukusema?"

"Raba si zangu, Shangazi. Ningelalamika vipi?"

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Wala si kosa la raba," alisema. "Mimi ndiye niliyekupa mgongo."

Hilo ndilo jambo lililokaribia zaidi kuomba radhi ambalo nimewahi kumsikia akisema, kwake au kwa mwingine.

Siku hiyohiyo alikwenda ofisini kwa meneja, nami nikamfuata kwa kisingizio cha kuuliza kama wana vibao vya kuandikwa. Meneja alikuwa na subira. Alimweleza kwamba majina yameshakwenda kwa wakubwa, kazi zimeshagawanywa, na vitanda vimejaa.

"Isitoshe, Shangazi, wewe mwenyewe ulisema anaburuta."

"Nilisema."

"Na sasa haburuti?"

"Zilikuwa raba."

Meneja alicheka, si kwa ubaya. Akasema anaweza kumruhusu kijana afanye mazoezi na timu na kungoja, na nafasi ya kazi ikitokea atakuwa wa kwanza. Lakini kitanda, alisema, hawezi kukichonga kutoka hewani. Kitanda atakitoa wapi?

Shangazi alikuwa na chumba katika zile nyumba za wafanyakazi; kilikuwa sehemu ya malipo yake. Alikuwa amekipamba kwa mapazia ya kijani na alikipenda kama mtu anavyompenda paka.

"Changu kina dirisha na mlango unaofungika," alisema. "Waandikie Musyoka na mamake."

"Na wewe?"

"Mimi nina dada Majengo."

Meneja alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, kama kwamba ningeweza kumwambia ni mzaha. Mimi nilitazama ukuta, nikaona kwamba kibao cha ofisi yao kweli kilihitaji rangi.

Mwisho wa Agosti tulisukuma mkokoteni kutoka Makongeni, Juma na Musyoka mbele, mimi nyuma, mama na binti kando wakishikilia godoro lisianguke. Mapazia ya kijani yalikuwa bado yananing'inia. Shangazi alisimama mlangoni akitoa amri: sufuria zisiwekwe pale, dirisha lisifunguliwe jioni kwa sababu ya mbu, na sakafu ipigwe deki kila siku, si siku za wageni tu. Kisha akaenda zake Majengo na kikapu chake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini alifanya vile, alisema chumba kilikuwa na unyevu na magoti yalikuwa yamemchosha. Nilikuwa nimekaa ndani ya chumba kile mara nyingi. Kilikuwa kikavu kama biskuti.

Wala hakuwa mtakatifu katika jambo hilo. Kila asubuhi alitusimulia jinsi dada yake anavyokoroma, kwa sauti na mifano, na kila alipomwona Musyoka alimuuliza hali ya "chumba changu". Msichana alifanya mtihani wake. Baada ya Krismasi tarishi mmoja aliacha kazi, na Musyoka akaingia. Raba alizonunua kwanza zilikuwa ndogo kidogo. Alisema anataka kuzihisi. Na kiti cha Shangazi hakikugeuzwa tena kuupa uwanja mgongo. Alisikiliza bado, lakini kwanza alitazama miguu ya kila mtu, mmoja mmoja, kama muuguzi, na aliyekuwa na viatu vya kuazima alimwambia avivue, nao wengine wote wakavua pamoja naye.

Mimi niliondoka kama alivyosema nitaondoka, ingawa kikombe kilichukua muda kumalizika. Nikaenda Thika, nikaenda Nakuru, nikaandika vibao vya mahoteli na vinyozi katika miji ambayo majina yake nayakumbuka kwa herufi nilizoyaandikia. Niliporudi mara moja Barabara ya Jogoo, kulikuwa na mtu mwingine kwenye kiti, kijana mwenye kofia, na hakuna aliyeweza kuniambia Shangazi alikwenda wapi, ila kwamba aliaga kwa muda mrefu sana.

Kisha, miaka kadhaa baadaye, nilijikuta Voi. Nilikuwa nimepanda lori lililorudisha makreti matupu pwani, na dereva alipofika Voi alisimama kununua maji, nami nikashuka kwa sababu milima ilinipendeza. Ilikuwa alasiri. Nilitembea karibu na stesheni nikitafuta pa kulala, nikaona kibao cha gesti kilichoandikwa vibaya sana, herufi zikiwa zimeegemeana kama walevi. Niliingia nikiwa na nia ya kuomba chumba na kujitolea kukiandika upya.

Uani alikuwa amekaa mwanamke mzee kwenye kiti cha mbao, mgongo kwangu, ungo wa mchele mapajani. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimeachia soli njiani, na kilipiga saruji shaa, shaa, kila nikikanyaga.

"Vyumba vimejaa," alisema bila kugeuka. "Mgeni wa kuburuta miguu namjua. Hulala, na alfajiri hayuko wala hakuaga."

Nikasimama. Ningeijua sauti ile mahali popote, hata bila ungo na bila kile kidole kilichopinda kikipitia mchele. Nilitaka kusema jina langu, lakini nilijua halitamsaidia, maana yeye aliniita Mpiga Rangi tu.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema.

Kidole kilisimama. Kisha aliweka ungo chini, akashika kiti kwa mikono yote miwili, akakigeuza polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka akanielekea. Alinitazama kuanzia chini. Alikawia kwenye soli ile.

"Vua viatu," alisema.

Nilivua.

"Haya, nenda mpaka kwenye tangi, urudi."

Nilitembea miguu mitupu juu ya saruji ya uani, ambayo ilikuwa na joto la mchana kutwa, mpaka kwenye tangi la maji, nikarudi. Yeye alinitazama, kisha akafumba macho akanisikiliza, kisha akafumbua.

"Miaka yote hii nikisema hukai," alisema. "Kumbe sikuwahi kukuvua viatu." Akatoa ufunguo kwenye pindo la leso. "Chumba cha mwisho, chenye pazia la kijani. Musyoka na mkewe hulala humo wakija. Ukichafua utamjibu mamake, gesti hii twaiendesha pamoja."

Nilimuuliza ninaweza kukaa kwa muda gani. Alikuwa ameshaurudisha ungo mapajani, lakini kiti hakukigeuza.

"Sijui," alisema. "Ndiyo kwanza nakutazama."

Nikaviacha viatu vyangu mlangoni, kando ya ndara zake, nikaingia.